Mchana wa Bustanini

Jumatatu, 4 Agosti
Ufuta umekwisha kuanikwa. Zuhura kafunga mizigo: mchele, samaki wakavu, kanga za mtoto. Kesho tunakwenda Dar kumwona mjukuu. Miguu yamuuma lakini haachi kuimba.

Mimi nina langu. Posa yangu kwa mjane mmoja wa Ikwiriri imekubaliwa, ndoa ni Ijumaa ya wiki ijayo, na mke wangu hajui. Mshenga kanikumbusha desturi: mke mkubwa huambiwa mapema, akapozwa kwa zawadi. Nitamwambia huko huko, mbali na majirani. Mwalimu mstaafu mzima, namwogopa mke wangu.

Jumatano, 6 Agosti
Nimempeleka kwenye bustani kongwe ya mjini, ile ya tangu Wajerumani. Miti imevishwa vibao vya majina kama watoto wa darasa la kwanza. Zuhura kavua viatu, kanyoosha miguu nyasini. Kala aiskrimu mbili. Kamcheka tausi mpaka machozi. Miaka thelathini na moja sijapata kumwona amekaa mchana mikono mitupu, bila hata ukili wa kusuka.

"Baba Salma," kasema, "leo umenienzi."

Neno lilikuwa kooni. Nikalimeza. Nilijidai namhurumia, kumbe najihurumia mwenyewe. Na nilifurahi kukaa naye. Kweli nilifurahi.

Ijumaa, 8 Agosti
Tumerudi nyumbani Mahege. Anamsimulia kila apitaye habari za bustani. Wanawake wananisifu njiani. Nimeshinda shambani bila kazi.

Jumapili, 10 Agosti
Amejua. Gulioni Kibiti kakutana na shangazi wa yule mjane niliyemposa, naye shangazi akamwita mke mwenza wa mwanawe kwa furaha zote. Karudi na kikapu kitupu.

"Ile bustani ndiyo ilikuwa kunipoza?"
"Hapana. Wallahi hapana."
"Ulikuwa umeshaposa?"
"Ndiyo."
"Basi ilikuwa kunipoza."

Nimeapa tena. Kaingia ndani. Mchana mmoja tu mzuri nimempa maishani, nao nimeuharibu kwa mdomo wangu mzito.

Jumatano, 13 Agosti
Nimevunja posa. Mshenga kanitukana sana, na ana haki. Mjane wa watu nimemwaibisha bila kosa. Nilimwambia Zuhura nikitegemea sijui nini. "Haya," kasema, akaendelea kupepeta mchele. Nimejiona mjinga.

Alhamisi, 14 Agosti
Hatuzungumzi ila ya chakula.

Jumamosi, 16 Agosti
Asubuhi tulivu. Jirani yetu Bi Mwanahawa karudi kutoka kwao Ngarambe, alikokaa mwezi mzima. Hajasikia lolote. Kaketi nasi barazani, kauliza habari za Dar. Zuhura kamweleza mjukuu alivyonenepa, mkwe alivyo mpole.

"Na matembezi je? Mwalimu alikupeleka wapi?"

Nikaangalia chini.

"Hatukwenda popote, shoga," kasema Zuhura, akanimiminia chai.