Paka wa Majina Sita

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu kutoka Remera. Sisi wazima. Shangazi yako amehamia Kinyinya, na cherehani yangu siku hizi inakohoa kuliko mimi.

Umeniuliza umwite nani paka wako. Sikiliza kosa langu. Nikiwa fundi kijana, panya walitafuna shela ya bibi harusi, nikaleta paka. Bibi yako akasema tumpe jina kama tunavyowapa watoto hapa kwetu: siku ya nane watoto wa majirani huitwa, kila mmoja hutaja jina, hula pamoja, kisha mzazi huchagua moja. Wakaja sita. Mimi nikaona haya kuwakatalia watano, nikayaacha yote sita.

Basi kila mtoto akashika jina lake. Paka akawa Chui nyumba hii, Sultani nyumba ile, na kote akilishwa. Akanenepa, panya wakawa wanapita mbele yake kama wateja. Nilipomlalamikia jirani kwamba anamharibu paka wangu, akashangaa: "Paka wako gani, fundi? Huyu iko Sultani wetu."

Siku moja akapotea. Mtaa mzima tukatoka kumwita kwa majina yote sita, asitokee. Bibi yako akagonga sahani mara moja tu, na paka akatoka chini ya cherehani yangu, akipiga miayo.

Kwa hiyo mwite utakavyo, mama, ila uchague mwenyewe. Nawe siku yako ya nane ulitajiwa majina mengi, na ni mwaka wa tatu sasa tunakuita nyumbani kwa simu, huji. Bibi yako ameshatoa sahani.

Babu yako, Idrisa