Betri Inalala Ndani na Babu

Mahali nilipo nitakutajia mwishoni. Usiruke mistari.

Kwako dada Rhonda,

Pokea salamu zangu, pamoja na za Babu Emmett, ambaye nyote mnamzika kabla hajafa. Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mzima kama farasi. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza. Kwenye karatasi huna ujanja, dada, utanisikiliza mpaka nukta.

Lile trela la mizigo ulilolicheka, ukaliita jeneza lenye magurudumu, sasa ni nyumba. Juu ya paa nimefunga paneli za sola. Ndani kuna kitanda cha Babu, godoro langu, jiko dogo na rafu ya maharage yake ya makopo. Nimeyafanya yote mwenyewe, mimi niliyetimuliwa shule kabla hatujafika somo la umeme.

Masharti yako unayakumbuka, maana uliyatoa jikoni mbele ya watu wote. Mashine ya kupumulia ya Babu ifanye kazi usiku kucha bila waya wa ukutani, na trela lisiungue. La sivyo, baada ya Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ile ya Novemba, anahamia makao ya wazee huko kwenu Denver. Babu alikuwa palepale anamenya viazi. Hukumuuliza kitu.

Aliyenisumbua zaidi ni Mjomba Lyle, kuliko hata upepo wa Wyoming. Kila jioni alikuja uani na kopo lake la bia, akaegemea trela na kuanza hotuba. Eti betri haikai ndani, inakaa nje kwenye ulimi wa trela, ule mkono wa mbele unaofungwa kwenye gari, kama alivyoweka marehemu baba yake na kila mwindaji wa kwetu. Ndani itatoa gesi, patanuka mayai viza, itoke cheche moja tu na Babu afike mbinguni bila kupiga hodi. Nami na ubishi wangu wote nikamsikiliza. Nikaiweka nje.

Jaribio la kwanza likaniaibisha. Mashine ilivuma vizuri mpaka kukacha, Babu akaamka anadai kahawa. Lakini nje kila kitu kilikuwa kimeganda. Jua likatoka, paneli zikang'aa, na betri haikupokea chaji hata tone, kutwa nzima. Jioni ikabidi nivute waya kutoka nyumbani kama mwizi. Mjomba alicheka mpaka akakaa chini kwenye theluji, akasema sasa hata jua limenifukuza.

Aliyenifumbua macho ni Babu. Alitoka na soksi bila viatu, akaishika betri kwa kiganja, akasema hata yeye ukimletea uji akiwa ameganda hivyo hamezi. Nikaelewa. Betri za Mjomba ni zile za maji, zinazotoa gesi. Yangu ni ya lithiamu, haitoi gesi ile ikichajiwa, ila ukiichaji ikiwa imeganda inaharibika ndani. Ndiyo maana ina kinga yake, ikagoma. Nikaing'oa nje, nikaijengea sanduku lenye matundu ya hewa chini ya kitanda, nikaibana kwa mkanda isicheze barabarani. Fyuzi nimeiweka karibu kabisa na ncha ya chanya, na mlangoni kuna king'ora cha moshi na cha hewa mbaya ya jiko. Waya ni mnene, siyo ule wa taa za Krismasi aliouleta Mjomba. Joto la Babu linaitunza betri, betri inamtunza Babu. Wameoana hao.

Tukajaribu tena kwenye baridi kali zaidi. Jua lilipogusa paa, taa ya kijani ikawaka, chaji inaingia. Nikamwita Mjomba. Unajua alifanya nini? Alipiga magoti akainusa betri kama mbwa, akitafuta mayai viza, akakuta soksi za Babu. Akaenda zake bila hotuba.

Hapo ndipo nilipokupigia. Ukasema hongera Dalton, lakini fomu umeshasaini na kitanda kinamngoja Ijumaa. Nikakata simu. Sasa jibu langu ni hili, keti vizuri: kitanda hicho mpe mwingine. Tuko jangwani, Arizona, tangu juzi.

Najua utasema nimemwiba mzee. Thubutu! Nilipoamka nilikuta pikapu inaunguruma, trela limeshafungwa nyuma, na Babu amekamata usukani na kofia yake kichwani, anapiga honi. Akaniambia nikitaka nipande, nisipotaka nitoke njiani asinikanyage. Mimi kosa langu ni kumpokonya usukani tulipofika barabara kuu, maana haoni mbali. Siku ile mnampangia maisha, kumbe kwenye viazi vyake naye alikuwa anapanga safari.

Hatukimbii wala hatujifichi, na kurudi haturudi. Ukitaka kumwona, njoo na pai ya maboga, ukae hata wiki. Ukija na fomu, utalala nje na makopo matupu ya maharage.

Wabusu watoto, na shemeji mpe pole kwa kuishi nawe. Babu yupo hapa kwenye kiti cha kukunja, miguu wazi, anaota jua pamoja na paneli. Nimemuuliza, kwa kuwa wewe hukumuuliza, ana neno gani kwako. Amesema nikuandikie kwamba anapumua.

Ni mimi mdogo wako asiyesikia,
Dalton