Mito ya Mejumaa

Kibokoni, 9 Februari 2025

Mdogo wangu Hind,

Assalaam aleikum. U mzima huko Nairobi na baridi yake? Mimi mzima wa kusema tu, mgongo hauniachi. Nimechoka, Hind. Sare za harusi za mfungo mosi, Ramadhani ikiisha, zimenijaa, na mabaki ya vitambaa yamefika mlangoni. Yule bibi Mejumaa huja Ijumaa akachagua yaliyo laini, ajazie mito yake ya kulalia auze sokoni Marikiti. Yanayobaki nachoma, na majirani wananigombeza kwa moshi. Ulisema chuoni mwafundishwa kukata nguo bila kubakisha kipande. Hebu nifunze, kabla sijafunga duka.

Dadako,
Shahd

Nairobi, 21 Februari

Dada yangu mpenzi,

Waaleikum salaam. Pole sana, ukandwe kwa mafuta ya simsim. Nimempa dereva wa basi karatasi za kukatia pamoja na barua hii. Zitandaze juu ya kitambaa: mkono waingia kwenye pengo la shingo, mfuko watoka chini ya kwapa, kila kipande kimeshikana na mwenziwe. Kushona kutakuchelewesha kidogo, lakini hutafagia kitu. Usifunge duka la mama, dada. Nakuomba.

Mdogo wako,
Hind

Kibokoni, 20 Aprili

Hind wangu,

Salamu nyingi. Idi ilikuwa njema? Yarabi, imewezekana! Sare zote zimetoka na sakafu safi. Mejumaa alikuja na gunia lake, nikamwambia, "Leo hakuna taka, mama!" Akacheka, akaniombea dua, akaenda zake. Tangu hapo hajapita. Labda ni hili joto.

Dadako,
Shahd

Nairobi, 15 Mei

Dada,

Hujambo? Mgongo je? Walimu wangu wamefurahi mno! Wanataka maneno yako yabandikwe ukutani siku ya maonyesho ya chuo: kwamba dukani kwetu hakipotei kitu. Niandikie upesi. Na Mejumaa, umemuona?

Mdogo wako,
Hind

Kibokoni, 11 Juni

Hind,

Assalaam aleikum. Tu wazima. Nimechelewa kwa kukosa la kuandika.

Nilikwenda kwa Mejumaa. Nikamkuta mkekani anazikatakata leso zake mwenyewe za kujitanda, zile za harusi ya mwanawe Menza, ajazie mto aliokwisha kumuahidi mteja. Nikamuuliza mbona hakuniambia. "Mwanangu, ulifurahi vile kwamba taka zimekwisha. Nitakuombaje taka?"

Nililia, Hind. Mito hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha, nami nilikuwa nikimuona kila Ijumaa. Nikamtaka aje dukani atie vifungo, nimlipe. Akakataa. "Mimi nina kazi yangu," akasema. Kisha akaushika tena mkasi. "Nilikuwa nayo."

Jana Menza alikuja kumchukua, akampeleka kwake kijijini Kaloleni.

Mikato yako ni mizuri, na kwenye moshi sirudi. Lakini hayo maneno ya ukutani yaandike wewe. Mimi yamenishinda.

Dadako,
Shahd