Asilimia Mbili ya Mwanga

3 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha kiti changu cha chumba cha hadubini, kilichovumilia miaka kumi na tisa na kitambi kimoja. Kimelazwa stoo. Nililia peke yangu, kwa kuwa nilianguka nacho.

Mama anasema huko maabara kwenu mmeletewa hadubini mpya ya leza. Yangu bado inakohoa. Hongera, ila usivimbe kichwa.

Kaka yako

11 Machi

Kaka, shikamoo.

Pole na msiba wa kiti. Huku wazima, isipokuwa seli zangu. Nazitia rangi ya kung'aa, nazimulika kwa leza nizipige picha zikigawanyika. Dakika ya ishirini zinajikunja na kufa. Mashine ni yangu hadi mwisho wa mwezi tu. Nisipopata picha za seli hai, mradi anapewa mwenzangu.

Leza nimeiweka asilimia kumi ya nguvu yake. Niongeze au nipunguze? Kazi hii ulinianzisha wewe.

Mdogo wako

15 Machi

Marahaba, mdogo wangu.

Ongeza. Weka ishirini, mashine mpya haibembelezwi. Na ule vizuri, ukikonda Mama atanilaumu mimi.

Kaka yako

29 Machi

Kaka, shikamoo.

Seli zilikufa ndani ya dakika tano. Nikadhani mkosaji ni mimi, nikaandaa nyingine, nikarudia mara tatu, maana ni wewe uliyesema. Kesho kutwa nakabidhi mashine. Tafadhali Mama asijue.

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako nimekaa nayo mfukoni wiki nzima.

Mimi hutumia asilimia mbili, picha moja kila dakika tano, katikati naziacha gizani zipumzike. Zinaishi saa kumi na sita. Mwanga ukizidi, seli hai hufa. Sikusahau wala sikukosea. Nimemwandikia mkuu wako hivyo hivyo na kutia sahihi. Kama atakurudishia mashine, sijui.

Ilikuwa hivi. Februari nilipita kwa Mama. Pale ukutani palipokuwa na cheti changu nikakuta picha uliyopiga mwaka jana, ya seli za kijani. Cheti kimelazwa kifudifudi juu ya kabati. Mama hakuwa na nia mbaya. Msumari ni mmoja. Nilicheka naye, nikanywa chai, nikaisifu picha. Kisha nikarudi kwangu kusubiri siku utakayoniomba kitu.

Ukaniomba.

Kaka yako