Mkato wa Kwanza wa Filamu ya Baba

Bishkek, Februari

Kaka yangu mpenzi Maksat,

Pokea salamu zangu nyingi huko Yekaterinburg. U hali gani? Kifua kimepoa, au bado unatembea bila skafu ukijifanya chuma? Huku tunaendelea vizuri, ila lipo jambo, nitalifikia.

Ile filamu ya Baba na farasi wake nimeanza kuihariri. Mwongozaji wetu, Nurzada, alinikabidhi vipande vyote tulivyopiga malishoni, tangu majani yalipochipua hadi theluji ilipoanguka. Aliniambia nisirembe chochote. Nivipange tu kwa mfuatano, virefu na vibovu vilevile, tuone kama kuna hadithi; huo ndio wanaouita mkato wa kwanza. Nikavipanga, nikaketi kutazama.

Nilicheka peke yangu, Kaka. Baba anamtukana yule farasi dume mweusi, kisha anambusu puani! Lakini kadiri vipande vilivyofuatana, kicheko kilinikaukia. Mwanzoni Baba anarusha kamba na kumnasa farasi aliye mbali. Katikati anamwita kwanza, asikie yuko wapi. Mwishoni anapapasa akitafuta tandiko, mkono unapita hewani. Wote tulikuwa naye miezi hiyo, na hakuna aliyeng'amua.

Nikamwita mjini, nikamwonyesha. Alisogeza kiti hadi pua ikakaribia kioo. Nilipomuuliza tangu lini, akasema, "Njia anaiona farasi, binti yangu. Kazi yangu ni kukaa juu tu." Nikaangua kilio. Ndipo akaacha mzaha, akanishika kichwa, akasema hasa ni wewe aliyekuwa akikuficha, maana ungeacha kazi urudi nyumbani.

Daktari anasema ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia nalo litapofuka, dawa zitachelewesha tu. Nurzada alikuwa radhi tuvitoe vipande vile, Baba akakataa. "Viacheni. Nimemkosa farasi, sikumwiba."

Sasa nikwambie ukweli: Baba amenikataza kukuandikia haya. Sikuombi uache kazi, Kaka. Nakuomba uje sikukuu ya Nooruzi mwezi ujao, ukae naye mchana, karibu, penye mwanga. Jana aliniuliza kama siku hizi umefuga ndevu. Nilimjibu kwamba unakuja, atajionea mwenyewe.

Wasalimie wote unaoishi nao. Nakukumbatia sana.

Mdogo wako akupendaye,
Aijarkyn