Kikombe cha Baba Mkwe

Jumapili, Kilolo

Na bado nilikunywa. Mimi, mtu wa maabara, ninayepima taifodi kila siku kule Mbeya.

Baba mkwe alipunguza ukali wa ulanzi, pombe ya mianzi, kwa maji ya mtoni, mbele ya macho yangu. Nikamweleza kwa heshima kwamba bakteria wa taifodi havunji mlango. Anaigusa seli ya utumbo, anaipenyezea protini zake, halafu seli yenyewe inamkumbatia na kumwingiza ndani.

"Seli ina adabu," alisema. Akaonja kwanza, kama desturi inavyotaka, akanipa kikombe.

Nilikipokea kwa mikono miwili.

Dalili huchukua wiki moja au mbili kujitokeza. Kesho narudi Mbeya. Ameshanifungia dumu la lita tano la ulanzi uleule. Nimeshukuru tena.