Mugenzi Alivyomnyang'anya Kamikazi Usukani

Wambui sha, acha hivyo vyombo usome hii.

Tumetoka harusini Ndera. Mimi na dada Kamikazi nyuma, mama mkwe wake mbele, na Mugenzi mumewe kamnyang'anya usukani. Wa gari la mkewe! Eti, "Wewe unaendesha kama umebeba mayai." Mama mkwe akacheka mpaka akakohoa.

Dada akamwambia, "Punguza, kibao kimesema sitini."

Mugenzi: "Mwoga wewe! Kikomo kimepandishwa, redio imesema."

Redio, sote tuliisikia, ilisema WANAFIKIRIA kupandisha! Wanafikiria!

Kidogo tu, afande wa trafiki huyo mbele, mkono juu.

Sasa sikia. Mugenzi kashusha kioo, sauti ya asali: "Samahani afande, mke wangu ndiye alikuwa ananiharakisha."

MKE WANGU! Nilitaka kumzaba kofi kutoka nyuma.

Afande akainama, akamtazama dada huku nyuma. "Ni kweli, mama?"

Dada angeweza kumwokoa. Akatabasamu. "Mimi, afande? Mimi naendesha kama nimebeba mayai. Muulize mama mkwe, njia nzima ananicheka."

Mama mkwe akageukia dirishani, eti anaangalia vilima.

Mugenzi akaandikiwa faini. Dada akadai ufunguo, akamtupa mumewe nyuma, akaendesha kama anasindikiza jeneza mpaka Kiyovu. Hata baiskeli za ndizi zilitupita, sha! Zinapiga kengele!

Mugenzi uvumilivu ukamwisha. "Ongeza kidogo basi, Kami."

"Subiri, mume wangu. Bado wanafikiria."